Si Dawa, Ni Chakula

Unga ule ulikuwa wa kijani, na ulinuka kama maji ya nguo yaliyosahauliwa kwenye beseni wiki nzima. Aliyeuleta nyumbani kwetu mtaa wa Umoja ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa ameacha kuuza mitumba akaingia kwenye biashara ya virutubisho, ile ambayo kila mteja hugeuzwa muuzaji. Tangu hapo humsalimii bila kuambiwa una sumu mwilini.

"Hii si dawa," alimwambia mama huku akikoroga glasi. "Ni chakula tu. Hizo za hospitali ndizo zinaharibu kichwa cha mtoto."

Mtoto mwenyewe ni mimi, mwanamke niliyekwisha kupita miaka thelathini. Nina ADHD. Daktari wa kliniki alinieleza kwamba dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kushika jambo moja na kulimaliza, kwangu haifanyi kazi sawasawa, na kwamba wasiwasi wangu mwingi unatokana na kuhangaika kulificha hilo. Akaniandikia vidonge. Kwa vidonge hivyo niliweza kumaliza siku kwenye kiwanda cha rangi kule Industrial Area, ninakochanganya rangi, bila kukosea vipimo na bila kujifungia chooni kulia. Mama aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini shangazi ni shangazi. Mama alivichukua vidonge vyangu akavifungia kabatini, akasema nijaribu chakula kwanza.

Nilikunywa. Uji ule uliteleza kooni kama kamasi. Wiki haikuisha kabla moyo wangu haujaanza kudunda ovyo na mikono kutetemeka, na asubuhi moja nikatapika ndani ya pipa la rangi nyeupe, msimamizi akiangalia. Aliniambia nikiharibu pipa jingine nisirudi kazini. Nilimpigia shangazi simu nikiwa bado na matapishi kwenye mkono wa ovaroli, naye akafurahi.

"Huo ni mwili unatoa sumu, mpenzi. Ongeza kijiko."

Ongeza kijiko. Maneno hayo yananitia kichefuchefu kuliko unga wenyewe. Niliupeleka mkebe kliniki, daktari akasoma maandishi madogo ya nyuma: umejaa kafeini, ile ya kwenye kahawa inayoukimbiza moyo, kitu cha mwisho ambacho mtu mwenye wasiwasi kama wangu anahitaji. Akaniambia niuache siku hiyo hiyo. Nilimweleza mama niliporudi nyumbani; alisikiliza, akasema tutamuuliza shangazi.

Shangazi alikuja Jumapili. Kwetu sisi tuliotoka mkoa wa magharibi, mgeni akiwekewa chakula hakikatai. Hata akiwa ameshiba ataonja tonge moja, la sivyo amemtukana mwenye nyumba. Mama aliandaa ugali na kuku. Mimi nikaweka glasi ya kijani kando ya sahani ya mgeni, nikiwa nimeongeza kijiko.

"Karibu chakula, shangazi," nilisema, nikapiga goti kidogo kama nilivyofunzwa.

Aliitazama, akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Hiyo siwezi. Na hii presha yangu, unataka kuniua?"

Mama aliacha kukata ugali. Alinawa mikono, akafungua kabati, akaviweka vidonge vyangu mbele yangu, kisha akaimwaga ile glasi kwenye sinki. Shangazi alikuwa ameshafika kwenye paja la kuku, anafyonza mfupa.