Miguu ya Ukutani

Kila mara Losalini alipoweka kopo la samaki kando ya sahani ya muhogo, mumewe Lepani alinyoosha mkono na kuligeuza. Uso wa Kitione uliochapwa kwenye kopo ukatazama ukutani, ndipo yeye akaanza kula.

"Baba Mereani, samaki ni wale wale," Losalini alimwambia.

"Wameharibika tangu wabandikwe sura hiyo."

Lepani alikuwa mchoraji wa mabango mjini Sigatoka. Vibao vya vinyozi, majina ya makanisa, maua ubavuni mwa mabasi, vyote vilikuwa kazi ya mkono wake. Lakini kabla ya brashi alikuwa winga wa raga, na wakulima wa bonde zima waliacha mashamba yao waje kuona chenga yake. Alimkimbilia mpinzani moja kwa moja kama anayetaka kumkumbatia, kisha akakita mguu wa kushoto na kupotelea kulia. Siku goti lake lilipovunjika, watu walimlilia kama aliyekufa, na baada ya hapo wakamsahau, kama wafu wanavyosahauliwa.

Kitione alikuwa mtoto wa shangazi yake, tavale wake kama wasemavyo Fiji, na kwa hiyo mtani wake wa halali. Zamani, akiwa kijana mwembamba, alimfuata Lepani kwenye matuta ya mchanga kila jioni ili afundishwe chenga ile. Sasa alikuwa akicheza Ulaya, na kampuni ya samaki wa kopo ilikuwa imemfanya nembo yake. "Chenga ya Kitione, nguvu ya samaki!" redio iliimba kutwa. Lepani akiisikia, aliizima. Chenga ya Kitione? Alitamani jambo moja tu: mtu mmoja aseme mbele za watu chenga hiyo ilitoka kwa nani.

Badala yake akaletewa kazi ya kumchora.

Ateca, afisa masoko wa kampuni, alitoka Suva na picha mkononi. Alitaka Kitione achorwe kwenye ukuta mzima wa duka la Bwana Muniappa, karibu na daraja, akiwa katikati ya chenga. Picha yenyewe ilikatwa kiunoni.

"Miguu iko wapi?" Lepani aliuliza.

"Tumeikata kwa sababu ya viatu, kaka. Wenye viatu si wadhamini wetu, hatuwezi kuwatangaza bure. Wewe chora miguu, viatu viwe vyeusi, bila alama yoyote."

Lepani akapanda ngazi. Uso aliuchora upesi, akiuma meno, na ukatoka mzuri kuliko alivyopenda. Alipofika miguuni hakuwa na picha ya kufuata, akaiacha mikono ifanye inachojua.

Wauza mboga wa sokoni ndio walioona kwanza.

"Heee! Kitione anakita kushoto tangu lini?" mmoja alipiga kelele.

"Hiyo ni miguu ya Lepani! Kichwa cha tajiri, miguu ya fundi rangi!"

Bwana Muniappa alitoka dukani, akatazama, akashika kiuno. "Lepani bhai, umejichora kwenye ukuta wangu?"

Lepani aliendelea kupaka rangi. Moyoni alifurahi. Hatimaye watu walikuwa wameona.

Siku ya pili gari la kampuni lilisimama pale. Kitione akashuka, mpana kama mlango, na umati ukamzunguka. Aliutazama ukuta kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Tavale!" aliita. "Mwizi wewe! Umenikata miguu ukanipachika yako!"

"Nani mwizi?" Lepani alifoka, bila utani wowote. "Chenga hiyo uliitoa wapi?"

Ateca, aliyekuja naye, akatazama chini.

"Kwako," Kitione alisema. "Nani hajui? Kila jioni ulinisimamisha mbele yako ukanipita hadi nikala mchanga. Nikaiga nilichokiona. Nilikuwa nakutazama uso kwa uso, tavale, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mguu wako wa kushoto ulikuwa upande wangu wa kulia, basi mimi nikakita kulia. Tangu hapo sijaweza kuigeuza. Nirudishie miguu yangu, watu wa mkoa wetu wa Nadroga watanicheka."

Umati ukacheka na kupiga makofi. Neno alilolitamani Lepani lilikuwa limesemwa, tena hadharani, na halikumshibisha. Angefurahi zaidi kama Kitione angekataa. Aliyeiba angechukiwa kwa raha. Huyu alikuwa amejifunza, kisha chenga ikawa yake.

"Hata hivyo hapo mbele panataka mtu anayepitwa," Ateca alisema, "ili picha iwe na mwendo."

"Jichore wewe, tavale!" Kitione alisema. "Ulizoea kunipita, leo nikupite mimi!"

"Afadhali nimchore mbuzi," Lepani alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo na yeye akacheka kidogo.

Alifuta miguu yake mwenyewe kwa rangi ya majani, akafumba macho, akamkumbuka yule kijana mwembamba akikimbia kumkabili. Mguu wa kulia ukakita. Ulikuwa wa Kitione kabisa. Kikabaki kiatu cheusi kisicho na alama. Lepani akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, na ubavuni mwa kiatu hicho cha kulia akaandika kwa herufi zake nzuri kabisa: LEPANI.

Ateca akafungua mdomo. Kitione akamtangulia.

"Tangazo hilo umelilipia, tavale?"

"Nililipa kule kwenye mchanga."

Kitione akacheka. Alimpiga bega, akaingia garini, na watoto wakalifukuza gari hadi darajani wakiimba jina lake. Lepani alibaki kando ya ngazi akiwatazama. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kusoma kiatu.