Baiskeli Tatu Kwenda Biharamulo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipofika Nyakahura peke yangu ilhali asubuhi tulikuwa tumeondoka watu watatu. Nilifika nikijisifu. Ningekuwa na akili ningefika nikiona haya, lakini akili ilinijia baadaye kidogo, na hiyo ndiyo ninayotaka kukugawia leo, maana barua yako nimesomewa na nimeielewa. Unasema huko ugenini umenunua baiskeli, barabara ni ndefu na nchi inapendeza, ila huna wa kwenda naye. Uliowapata walikwenda nawe mara moja tu, kisha kila mmoja akawa na udhuru. Nilicheka mpaka mama yako akauliza kuna nini. Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi.

Tulipovuka mpaka kuja huku nilikuwa kijana kama wewe sasa. Mimi na mama yangu tulipata kishamba Murusagamba, tukapanda migomba na maharage. Nilikuwa na afya, nilikuwa na baiskeli, na sikuwa na mtu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka ndizi sokoni Ngara, mikungu minne kwenye keria na mmoja juu ya fremu. Kazi ile ina mwendo wake. Mlimani unasukuma mpaka macho yanaona nyota, mteremkoni unaiachia. Anayetangulia kufika anawakuta wachuuzi wakimgombania, anayechelewa anabembeleza watu. Kwa hiyo tulishindana kila siku ya soko, tukapitana bila hata salamu. Niliishi hivyo miaka miwili, nikawajua watu wengi kwa migongo yao tu. Na wao waliniita yule mkimbizi wa ndizi. Hawakuwa na ubaya. Jina langu hawakulijua, na mimi sikuwahi kusimama nikawatajia.

Sasa, siku zisizo za soko zilikuwa zinaniua kwa upweke. Nikaanza kutamani jambo ambalo wabeba ndizi wenzangu waliliona ni kichaa: kwenda Biharamulo bila mzigo, polepole, nikiitazama nchi iliyonipokea, nikilala kwa watu njiani. Nilipowaambia walinitazama kama mgonjwa. Mmoja akaniuliza, "Huko kuna soko gani?" Nikasema hakuna soko, nakwenda kutembea. Akapanda baiskeli yake, akaondoka.

Aliyenielewa ni Zabroni, fundi cherehani, Mhangaza wa makamo mwenye tumbo lake na sauti kubwa ya kuimba. Alikuwa anataka tangu utotoni kuliona lile boma la Wajerumani huko Biharamulo. Yeye ndiye aliyenikutanisha na Ramadhani, Msubi wa rika langu aliyekuja Murusagamba kufanya kibarua cha barabara. Ramadhani kila baada ya mavuno alikuwa anakwenda kwao Biharamulo kumwona mama yake. Alikubali, kwa sharti moja: twende taratibu. Nikamwambia bila shaka. Nilikuwa nasema kweli, mwanangu, sema tu sikujua neno taratibu maana yake ni nini.

Balozi wa nyumba kumi ilibidi atuandikie barua ya safari, hasa kwa ajili yangu mimi mkimbizi. Akauliza madhumuni ya safari. Zabroni akamjibu kutembea. Balozi akasema kutembea si madhumuni, akafikiri sana, akaandika "kumsalimia mama," akatuonya tusisahau kumsalimia.

Siku ya kwanza tulilala Rulenge kwa dada yake Zabroni, na ilikwenda vizuri kwa sababu ilikuwa fupi. Siku ya pili miguu yangu ikakumbuka kazi yake. Baiskeli isiyo na ndizi ilikuwa nyepesi mno, nikajikuta nimewaacha. Nikajiambia si kitu, nitawasubiri kileleni. Na kweli niliwasubiri. Walipofika wanahema, nikawaambia haya twendeni, nikapanda. Mlima wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Nilidhani huo ndio wema. Baada ya hapo nikachoka kusubiri, nikaendelea hadi Nyakahura kwa shangazi yake Ramadhani, ambako tulipanga kula mchana.

Shangazi alikuwa ametumiwa habari zetu, ameandaa chungu cha maji matamu ya ndizi mbivu, yale yasiyolevya, na mirija mitatu imesimama ndani yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda.

"Wewe ni nani?"

"Ni mwenzake Ramadhani, shangazi. Tunakwenda pamoja Biharamulo."

"Ramadhani mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyuma, kwenye mlima."

"Mlima upi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye mrija, naye akaweka kiganja chake juu ya chungu, bila hasira hata kidogo.

"Mtu asiyejua mwenzake yuko mlima gani haendi naye pamoja. Mnatumia barabara moja tu, kama mimi na ng'ombe wa jirani." Akaitazama baiskeli yangu. "Na hiyo pampu uliyoifunga hapo, wao wanayo nyingine?"

Mwanangu, ndipo nilipokumbuka. Pampu ilikuwa moja kwa wote watatu, na viraka na gundi vilikuwa mfukoni mwangu.

"Wewe mwenye miguu na pampu ndiye wa kukaa nyuma," akasema. "Nenda kawalete. Chungu hiki hakinywewi na mtu mmoja."

Nilirudi milima miwili mizima, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu niwakute. Niliwakuta kando ya kalavati. Gurudumu la nyuma la Zabroni lilikuwa na pancha na walikuwa wamelijaza majani makavu ili lizunguke. Zabroni amekaa juu ya jiwe na sindano yake, anashona suruali iliyopasuka. Lakini kilichonikata maini ni baiskeli zenyewe. Zote mbili walikuwa wamezielekeza Rulenge.

"Karibu," akasema Zabroni. "Tulidhani umeshafika Biharamulo, umeshaoa."

Ramadhani hakutabasamu. "Sisi tunarudi. Wewe endelea."

"Na mama yako?"

"Mama nitakwenda kumwona mwenyewe siku nyingine. Tulikuomba twende polepole. Unatungoja mlimani kama askari wa kizuizi, tukifika tu unaondoka. Wewe umepumzika mara tatu, sisi hata mara moja."

Nilitaka kujitetea, kisha nikahesabu kichwani nikaona ni kweli tupu. Nikakaa chini vumbini, nikalitoa gurudumu, nikaanza kutafuta tundu. Nikawaambia huku nimeinama, maana usoni nisingeweza, kwamba sina mtu mwingine nchi hii. Wakirudi, mimi sitakwenda Biharamulo, nitarudi kwenye ndizi zangu, na nitakuwa nimewapoteza watu wawili pekee waliowahi kukubali kwenda nami mahali. Nikabandika kiraka, nikapiga pampu mpaka tairi likawa gumu. Nilipoinua kichwa, Ramadhani alikuwa anaigeuza baiskeli yake ielekee Nyakahura.

"Basi ukae nyuma," akasema. "Ujionee."

Nikakaa nyuma, na sijapata kufurahi barabarani kama siku zile. Kumbe nyuma ndiko kuna safari. Niligundua kwamba Zabroni huimba nyimbo zote za kanisani kwa maneno anayoyatunga mwenyewe, na akikutana na mwanamke barabarani anamkadiria kitambaa cha gauni kwa macho, akijiona amekosea anarudia. Milimani tulishuka wote tukasukuma sambamba, na huko kwenye kusukuma ndiko tulikozungumza mambo ya kweli: Ramadhani juu ya baba yake aliyefariki, mimi juu ya nyumba yetu tuliyoiacha ng'ambo ya mpaka. Kwenye miteremko Zabroni alifunga breki kwa kisigino cha kandambili ya tairi, harufu ya mpira ikatujia sisi wa nyuma. Msituni tulikutana na kanga wakivuka barabara kwa mstari, tukasimama mpaka wa mwisho akapita. Ningetangulia, nisingewaona kanga wale. Shangazi kabla ya hapo alikuwa ametunywesha, vichwa vitatu juu ya chungu kimoja, na huwezi kunywa hivyo bila kumtazama mwenzio machoni.

Tulilala mara moja tena njiani, na Biharamulo tukafika jioni ya siku ya tatu. Tukaenda kwanza kwenye boma. Zabroni akalitazama, akalizunguka, akasema, "Nimepasua suruali kwa ajili ya ukuta?" Tulicheka mpaka watu wakatukodolea macho.

Mama yake Ramadhani akatupokea uani. Zabroni akajitambulisha mwenyewe kwa sauti yake ile. Kisha mama akanigeukia mimi, akamuuliza mwanawe, na huyu ni nani. Nilishalizoea jibu la swali hilo, ni yule mkimbizi, nikainamisha macho nikilisubiri. Ramadhani akasema, "Huyu ni mwenzangu." Akaishia hapo. Mama akaagiza niletewe maji ya kuoga kabla ya wote, na namshukuru Mungu kwa maji yale, kwa sababu nilikwenda nayo nyuma ya nyumba nikalia nikatosheka.

Sasa nisikilize, mwanangu. Wenzi wa safari ndefu usiwatafute kwa wale wenye mbio kama zako. Watafute penye watu wanaokaa, kwa fundi, kanisani, dukani, na umuulize kila mmoja angependa kuona nini au kumsalimia nani, kwa sababu mwenye jambo lake mbele ya safari hachoki haraka. Waambie ukweli kuhusu mwendo wako kabla hamjaondoka, na anzeni na njia fupi. Mwendo uwe wa yule mwenye tumbo. Ukitangulia mlimani, aliyefika mwisho apumzike kwanza hadi yeye mwenyewe aseme twende. Vifaa vya kuokoa wengine vikae kwa mwenye nguvu, na mwenye nguvu akae nyuma. Na ukikosea, kama ulivyokwisha kukosea, usione haya kurudi milima miwili. Waandikie hao waliokukimbia, uwaombe radhi. Ugeni si kukosa nchi tu. Ni kukosa mtu wa kusema huyu ni wangu, na mtu huyo hapatikani kwa kumpita.

Mungu akulindie magoti na macho. Akupe barabara kavu, watu wa kukukaribisha kabla giza halijaingia, na vicheko vya kukuchosha kuliko milima. Utakapokuja likizo, njoo nao wote. Mikeka ipo, ndizi zipo, na mimi, Mungu akipenda, nitasukuma baiskeli yangu pamoja nanyi mpaka mlima wa kwanza.