Poda Juu ya Rangi Mbichi

Mshika mawili, moja humponyoka. Methali hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu la ubatizo, na karibu kila mara kutoka kinywani mwa baba mukubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Aliisema nilipoingia chuo cha ualimu kusomea hesabu. Akairudia nilipochukua barakoa ya baba na kuanza kuchomelea milango na madirisha uani kwetu, hapa mtaani Panda. Alitaka nichague: mwalimu au fundi.

Na kaka yangu je? Alichimba madini Shinkolobwe, mgodi ambao serikali imeufunga, akaendesha pikipiki ya abiria, na Jumamosi akauza viatu vya mitumba. Hivyo ni vitatu. Kwake hakuna aliyeikumbuka methali. Walimsifu kuwa mwanaume anayejua kujitafutia. Mimi binti mwenye viwili niliitwa mwenye tamaa. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Tena vitu vyangu viwili havikuwahi kugombana. Baba, aliyechomelea miaka mingi katika karakana ya shaba, alijua fremu imenyooka kwa kufumba jicho moja tu. Jicho lake sikulirithi, nilirithi barakoa. Basi nilipima kona kwa kona kwa utepe, nikapiga hesabu ya pembetatu niliyofundishwa darasani asubuhi, na fremu zangu zikanyooka kama zake.

Mwaka jana, mwezi wa nane, masera mmoja, mtawa anayeongoza shule hapa mjini, aliniagiza geti la mabawa mawili. Alinieleza wazi kabisa. Likimpendeza, madawati ya shule nzima nitatengeneza mimi. Lisipompendeza, atarudi kwa mafundi wake wa zamani. Angekuja kulitazama Jumamosi saa nne asubuhi. Chuo nacho kikanipangia kutetea kazi yangu ya mwisho Ijumaa, siku moja kabla.

Baba mukubwa alipopata habari alicheka mpaka akakohoa. Alisema chuoni haendi kuichosha miguu yake bure, atangoja kuona ni kipi kitakachoanguka.

Ijumaa niliamka alfajiri, nikalipaka geti rangi ya kijani, nikaliegemeza ukutani likauke. Nikamwomba mama awafukuze kuku. Nikanawa, nikavaa suti, nikaenda. Mwalimu mmoja kati ya walionihoji aliuliza kwa nini kucha zangu ni za kijani. Nilijibu kwamba asubuhi nilipaka geti. Walicheka, mimi sikucheka. Nilifaulu, na kwa alama nzuri.

Kwetu mtu akifaulu humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe, mtaa mzima ujue. Wenzangu walinimwagia chuoni na nilifurahi, sitasema uongo. Nilirudi nyumbani mweupe, nikiimbiwa. Na uani, mbele ya geti langu, nani amesimama na kopo kubwa la poda? Baba mukubwa, ndani ya suti ya Jumapili.

Nilinyoosha mikono kumzuia. Nilisema rangi ni mbichi. Akadhani naona haya, akarusha. Upepo wa kiangazi ukaipokea poda yote ukaipeleka kwenye geti. Akarusha tena. Alipomaliza, geti lilikuwa kama samaki aliyepakwa unga akingoja kukaangwa. Huyu ni mtu aliyefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe mpaka alipostaafu, aliyerudi nyumbani kila siku na vumbi jeupe mpaka masikioni. Nani anajua kuliko yeye vumbi linavyonata?

Hakulitazama hata geti. Aliwageukia watu, akaanza kutoa hotuba.

"Ni minye nilimusukumaka uyu mutoto," alisema, akijipiga kifua. "Sasa iko mwalimu. Mambo ya chuma aachie banaume."

Hasira ilinipanda. Nilimwonyesha geti. Akasema ni poda tu, akatoa leso, akafuta. Poda na rangi vikachanganyika vikawa uji. Mama akaangalia chini. Nilivua viatu, nikaingia ndani, nikarudi na matambara, mafuta ya kuyeyusha rangi, na msasa. Nikamnyooshea.

"Baba mukubwa, kamata. Umeimwanga weye, utaitoa weye."

Nyimbo zilikatika. Kumwambia hivyo mkubwa wa baba yako mbele ya watu ni kumvua nguo. Nilijua, na nilisema.

"Mutoto, leo ni siku ya diplome," alisema polepole.

"Siku ni yangu. Diplome ni yangu, na geti ni yangu."

Kisha akavua koti, akampa mama, akachukua tambara. Sijui kama ni aibu au ni mazoea ya mtu wa kazi akiona kazi iliyoharibika. Sikumshukuru. Tulifuta, tukasugua, mimi bawa la kulia, yeye la kushoto. Jua likiwa bado juu nikapaka upya, na poda ingali nyweleni mwangu.

Jumamosi saa nne masera alifika. Alifungua, akafunga, akapima kwa macho. Kisha akapitisha kiganja juu ya rangi, na kwenye kona ya chini, bawa la kushoto, mkono ukasimama. Aliuliza chembechembe hizo ni za nini. Baba mukubwa alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda, kucha zake za kijani kama zangu.

"Ni furaha ya baba mukubwa, masera," nilisema.

Masera alimtazama, akatazama kucha, akaelewa alichoelewa. Aliniambia kona hiyo niisugue tena kabla ya kulileta geti shuleni, halafu akauliza lini nitakwenda kupima madarasa kwa ajili ya madawati. Nilimjibu Jumatatu mchana, kwa sababu asubuhi napeleka barua ya kuomba kazi ya ualimu.

Baba mukubwa akafungua kinywa. Nilijua ni methali gani inayokuja. Nikauokota msasa chini, nikamwekea mapajani, naye akakifunga kinywa.