Nilitibiwa appendicite bila kupasuliwa, nikashuhudia hadi kanisani. Ikanirudia nikiwa Misisi

Wakuu, salamu kutoka Baraka, hapa Fizi, Kivu ya Kusini.

Kiswahili changu ni cha Kongo, nikikosea msinitumie mwalimu. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe na kovu ninalo. Picha siweki, najua kuna watu humu wanasoma huku wanakula.

Kazi yangu ni fundi simu. Nina kibanda sokoni, na mara kwa mara napanda Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, maana kule simu zinadumbukia mashimoni kila siku. Mchimbaji anaweza kulala njaa, ila bila simu hawezi.

Basi mwaka jana, asubuhi moja, tumbo likaanza. Kwanza kitovuni. Nikalaumu sombe ya jana yake (ndugu wa Tanzania mnaita kisamvu).

Mchana maumivu yakahama, yakashuka chini kulia. Nikawa natembea nimejikunja kama mtu aliyeangusha sindano.

Mke wangu, Riziki, akanipeleka hospitali. Docteur akabonyeza upande wa kulia, nikavumilia kiume. Akaachia ghafla. Hapo nikaita majina ya mababu ambao sikujua hata kama nawafahamu.

"Papa, ni appendicite," akasema, yaani kidole tumbo. "Kawaida tunaitoa. Ila munganga wa kupasua iko Uvira na njia imekatika. Yako ni ya mwanzo, tutaipiga antibiotiki kwa sérum, tuone."

Wakuu, mimi kisu nakiogopa. Niliposikia njia imekatika, moyoni nikaishukuru mvua.

Wakanitundikia hiyo sérum, yaani dripu, na kweli ikapoa. Homa ikashuka, nikaanza kuulizia ugali. Siku ya kutoka docteur akaniambia wazi: "Kuna batu inaishaka kabisa. Kuna batu inarudilia. Ikirudia, usingoje. Na ukipata nafasi, kuja tuitoe tu."

Mimi nikabeba sentensi ya kwanza, zile nyingine nikamwachia ofisini.

Nyumbani kila mtu alidai ushindi. Shangazi yangu alisema ni majani yake. Mchungaji alisema ni maombi. Antibiotiki maskini haikupigiwa makofi na mtu.

Jumapili nikasimama kanisani. "Munganga alitaka kunipasua, Bwana akasema hapana!" Vigelegele! Mama mmoja wa kwaya akalia machozi. Sikutaja sérum hata moja.

Miezi ikapita. Riziki akajifungua mtoto wetu wa pili, mama yake akaja kutoka Swima kumsaidia. Mimi, kabla hata ya kumpa mtoto jina, nikapanda Misisi kutafuta.

Siku hiyo nilikuwa nimefungua simu ya mchimbaji mmoja, imejaa tope mpaka kwenye spika. Nikasikia kitu kitovuni. Nikaweka bisibisi chini. Nilikijua.

Watu wa Misisi wana roho nzuri, tatizo kila mtu ana dawa yake. Mwenye simu akaleta lotoko, ile pombe yetu kali: "Kunywa, itachoma vidudu." Mama mwenye nyumba nilikofikia akaja na poire, ule mpira wa kusukumia dawa kwa nyuma, na bakuli la maji ya pilipili.

"Geuka tu, papa. Ni mara moja."

Wakuu, sikugeuka. Tumbo lilikuwa linauma, akili ilikuwa bado nzima. Baadaye docteur aliniambia mambo kama hayo yangeweza kulipasua palepale.

Wakanipeleka kwenye kituo kidogo cha afya. Infirmier, muuguzi wa pale, akabonyeza, akaachia, nikapiga kelele, naye akavua glavu. "Hii hapa hatuiwezi. Shuka Baraka sasa hivi."

Aliyenibeba ni Wilondja, dereva wa pikipiki. Njia ya kutoka Misisi anayeijua anaijua, na asiyeijua simtakii. Kila shimo nililihesabu kwa meno.

"Usiogope, papa," Wilondja akaniambia bila kugeuka. "Mi nilishabebaka bagonjwa mingi."

"Bote balifika?"

Akavuka dimbwi.

"Bengi."

Tulipokaribia Fizi mjini, kabla ya Baraka, muujiza: maumivu yakakatika. Kabisa! Nikamwambia asimame. Nikashuka, nikajinyoosha, nikatembea barabarani kama bwana harusi. Nilibakiza kidogo nitoe ushuhuda wa pili palepale, kwa mbuzi waliokuwepo.

Wilondja akaniangalia usoni. "Papa, uko natoka jasho kama muntu ya kufa. Panda."

Namshukuru hakunisikiliza. Kabla hatujamaliza mteremko wa kuingia Baraka, tumbo lote, si kulia tu, lilikuwa gumu kama ubao. Nikaanza kutetemeka kwa baridi juani.

Hapo utani uliniisha, wakuu. Nikamfikiria yule mtoto asiye na jina. Nikamwambia Wilondja kwenye sikio, "Nikifa, mwambie Riziki mtoto aitwe..."

"Sitaki!" akanikatiza. "Mi sibebake habari ya majina. Utamwambia weye mwenyewe." Akaongeza moto.

Hospitali nikamkuta docteur yuleyule. Akashika tumbo mara moja tu. "Imepasuka." Kumbe ule muujiza wa Fizi ulikuwa ndio kupasuka kwenyewe. Safari hii munganga wa kupasua alikuwepo.

Wakati wananisukuma kwenda salle d'opération, chumba cha kupasulia, docteur akaniinamia. "Papa, ule ushuhuda yako nilisikia. Bibi yangu anaimbaka kwaya kwenu." (Bibi kwetu ni mke.)

Nilitamani ile sindano ya usingizi ifanye kazi haraka.

Nikaamka na mpira puani, mwingine mahali pengine nisipopataja, na kidonda kinachoshuka kutoka kitovuni. Usaha ulikuwa umesambaa, wameniosha matumbo kama sahani.

Sasa, hospitali zetu mgonjwa anahudumiwa na mtu wake wa nyumbani. Riziki alikuwa na kichanga. Mama yangu alishafariki. Aliyebaki ni mama mukwe, Mama Riziki.

Kwetu sisi Babembe, mama mukwe ni heshima kali. Huli naye, humtazami usoni. Tangu nioe alikuwa ananisemesha kupitia kwa binti yake. Na sasa tuko wawili na sérum katikati.

Mama akatafuta njia. Akawa anaongea na kitanda.

"Weye kitanda, ambia mwenye kukulalia asiguse ule mupira ya pua."

Nami namjibu kitanda, "Mwambie mama nimesikia."

Tatizo likawa jingine. Tumbo lilivimba, likagoma. Kila asubuhi docteur swali ni moja: "Gaz ilishatoka?"

"Bado."

Alinieleza kwamba matumbo yamelala, na dalili ya kuamka ni kujamba. Yasipoamka, huenda wakalazimika kunifungua tena. Wodi nzima ikawa inaulizia. Mzee mmoja Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, aliyepasuliwa ngiri, alikuwa akifumbua macho tu: "Bado?"

"Bado, mzee."

Anatikisa kichwa kama tumefiwa.

Mama akakiambia kitanda kwamba nitembee. Nikatembea nimeshika ukuta, yeye nyuma yangu na chupa ya sérum, macho dirishani. Usoni simwoni, ila namsikia anavuta makamasi. Alikuwa analia.

Alasiri moja akasimama miguuni pangu, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Anamwomba Mungu afungue njia zote zilizofungwa.

Nikasikia kitu kinatembea ndani.

Wakuu, mnajua nilifanya nini? Nilikibana! Kitu nilichokingoja kuliko mshahara, nikakibana, kwa sababu ya heshima ya mama mukwe.

Hakikubanika.

Na haikuwa sauti ndogo. Ilikuwa ndefu, ina kona. Maombi yakakatika. Nikajifunika kitenge usoni, nikatamani lile tumbo lingenimaliza kule kule Fizi.

Halafu nikasikia: "Aleluya! Mukwe wangu amejamba! Infirmier! Kuja! Amejamba!"

Akatoka mbio kwenye korido. Mzee Mrundi akapiga makofi. Nikamsikia mama mpaka uani, kwenye jiko la bamama, anawatangazia jina langu na la baba yangu.

Aliporudi alinifunua kitenge, akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza, machozi yanamtiririka. "Asante, mutoto wangu," akasema. Si kwa kitanda. Kwangu.

Nikalia na mimi, japo kulia kulivuta nyuzi.

Nilipona polepole, nikarudi nyumbani, mtoto nikampa jina kwa mdomo wangu.

Wakuu, sisemi antibiotiki ni mbaya, kuna watu zinawatosha kabisa. Ninachosema: kunyamaza kwa maumivu si kupona. Ukitibiwa bila kisu, sikiliza sentensi zote za docteur. Ikirudia, kimbia siku hiyohiyo, hakuna lotoko, hakuna poire. Na ikikatika ghafla njiani, usishuke kwenye pikipiki.

Haya, mliotibiwa bila kupasuliwa, yenu ilirudi au ilitulia moja kwa moja? Na wewe uliyewahi kujamba mbele ya wakwe, jitokeze tu. Siwezi kuwa peke yangu.