Mamangu Alinifungia Balkoni na Miche Yangu

Leo nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe, na aliyenifungia ni mamangu mzazi.

Mnajua ile mimea yangu ya majani ya kunata, inayonasa vijidudu na kuvila? Nilichanganya aina mbili, nikapata mbegu ndogo kama vumbi. Wiki hii zimeota, wacha nifurahi!

Asubuhi nikatoka balkoni kuinyunyizia miche maji. Nikasikia komeo la mlango wa balkoni, kwa! Halafu mlango wa mbele. Mathe wangu ameenda kanisani.

Simu iko ndani.

Jua la hapa Ngoingwa likaanza kupanda, na hiyo miche ikipigwa na jua kali inakauka. Nikavua sweta nikaifunika nayo, nikaikinga kwa mgongo. Nikaita jirani wa chini.

"Mimi sina ufunguo," akasema. "Ngoja tu mamako arudi."

Ai!

Aliporudi nilikuwa karibu kulia. "Mum, kwani hukuniona?"

"Nilidhani uko bafu. Nilikuwa nafungia hiyo mimea yako nje. Si uliniambia inakula nyama?"

Miche yote iko hai. Shingo yangu ndiyo imeungua.

Sasa huyu mzazi nimwambie nini?