Miguu ya Ndovu wa Majani

Ndovu yule wa majani mnayepiga picha naye pale bustani ya mimea, mrefu kushinda nyumba ya mabati, anaishi kwa sababu yangu. Si kwa sababu ya msimamizi. Msimamizi ndiye alitaka kunifukuza.

Tulikuwa vibarua sita. Mimi nilikuwa natoka mtaa wa Kongo, huku Kawangware, kwa miguu kila asubuhi. Fundi alichomelea vyuma, sisi tukavalisha neti, tukajaza udongo, tukachomeka mche mmoja mmoja hadi vidole vikavimba. Zikiwa zimebaki wiki tatu wageni waalikwa waje kumwona, mgongo wa ndovu ulikuwa kijani, lakini miguu yote minne imekauka kama ufagio. Maji tukimwaga juu yanatokea tumboni, hayashuki.

Msimamizi, kijana wa diploma, akawaambia wakubwa kwamba yule mama wa Kawangware ndiye hunyima mimea maji. Mbele ya watu. Nikaambiwa nimalize wiki, nisirudi.

Shule niliachia darasa la tano. Lakini kabla ya Kawangware, miaka kumi na moja Kibera nililisha watoto wangu kwa mboga ya sukuma niliyopanda kwenye magunia nyuma ya nyumba, hadi mwenye ploti alipoyapasua kwa panga ili ajenge chumba kingine. Huyo pia sijamsamehe, na tunakutana kanisani. Gunia halijazwi udongo mtupu. Unakata kitako chote cha mkebe, unausimamisha katikati, unatia mawe ndani, unazungushia udongo, kisha unauvuta juu kidogo na kujaza tena. Mkebe ukitoka, mawe yamebaki yamesimama kama uti wa mgongo, na maji yanayafuata hadi chini kabisa.

Nikamwambia msimamizi mbele ya wakubwa wake, "Nipe mguu mmoja. Ukikauka nitaenda mwenyewe."

Akacheka. "Mathe, hii si sukuma wiki."

"Sukuma ina akili kushinda ndovu wako. Inajua kunywa."

Mkubwa mmoja, mwanamke, akasema nipewe. Nikautoa udongo wote wa mguu mmoja wa nyuma, nikapanga mawe, nikapanda upya. Siku ya tisa ulikuwa umechipua, ile mitatu bado kahawia. Hakuna aliyeniambia pole. Waliniambia tu nifanye na hiyo mingine.

Wageni walipofika, msimamizi alisema ni mbinu yake mpya. Mgeni mmoja akauliza maji yanafikaje chini. Msimamizi akababaika. Vibarua wote wakanigeukia, basi na wageni wakanigeukia. Nikaeleza kwa Kiswahili changu cha Kibera, bila haraka, mkono wangu juu ya mguu ule. Walinyamaza wote kunisikiliza. Maisha yangu yote sijawahi kunyamaziwa hivyo.

Sasa wakubwa wanataka twiga wa majani. Walinipigia simu mimi. Nilikubali, kwa sharti kwamba mawe yabebwe na msimamizi.

Leo amebeba makarai saba. Ana mikono laini, lakini atazoea.