Kikombe cha Molasi

Shangazi yangu hakunywa kitu kabla ya kukipima kiganjani. Chai, uji, hata dawa ya kikohozi: aliinua kikombe, akatulia, ndipo akanywa. Tulimcheka. "Chekeni tu," alisema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Alikuwa mhandisi wa majengo, nami nilimchorea ramani. Kiwanda kimoja cha chakula cha mifugo kilimtaka asanifu sakafu ya ghorofani ya kubebea tangi la maji. Chini yake palikuwa na chumba ambamo akina mama walishona magunia. Hao ndio waliomnyima usingizi. Aliagiza zege nene, nondo tabaka mbili, na akawakataza mafundi kuzikanyaga zile za juu zisije zikashuka.

Siku tuliyokwenda kukagua, tangi lilikuwa likijazwa. Meneja akakinga kikombe kwenye bomba, akampa.

"Karibu, mama injinia! Onja utamu wa kazi yako."

Shangazi akakipima. Uso ukampauka.

"Haya si maji."

"Ni molasi, shira nzito ya miwa. Maji tumepata kwingine. Kwani si vyote vinamiminika?"

"Molasi inayazidi maji uzito kwa karibu nusu! Zima pampu! Na tundu hili la kupitishia bomba sakafuni, nani kalitoboa? Mmekata nondo?"

"Mama, zege nene hivi, unaliogopa mwenyewe?"

Akacheka. Kutoka kwenye tundu ukasikika mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Tulishuka mbio. Shangazi aliingia chumbani akiwavuta akina mama kwa mkono mmoja. "Acheni magunia! Tokeni!" Wengine walidhani ni moto, wengine walitafuta viatu. Vumbi la saruji lilimwagika kutoka darini kama unga. Walitoka wote, isipokuwa bibi mmoja mwenye mguu mbovu, aliyekuwa bado anahangaika kuinuka kwenye cherehani. Shangazi akageuka kumfuata.

Bibi yule alitoka akipepesuka, amesukumwa kwa nguvu. Nyuma yake hakutoka mtu. Sakafu ilishuka yote, na molasi ikaja polepole, nyeusi, mpaka kwenye viatu vyangu. Sikuweza kulia. Nilisimama tu na kikombe mkononi.

Shangazi alikuwa amekimbia nacho kutoka ghorofani bila kujua. Alikiona pale mlangoni, akanikabidhi kabla ya kurudi ndani.

"Nishikie hiki, mwanangu. Usimwage, tutakwenda kukipima kwenye mizani."